Mvua Niliyoiandika

Naandika kutoka Ladywood, hapa hapa Birmingham. Safari hii sina habari za harusi wala za mchango. Nina deni la miaka mingi ambalo nimelilipa nusu, na nimeonelea nilieleze hapa kwa sababu nadhani wengi wetu tunalo la namna hiyo.

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Edgbaston. Asubuhi nikitoka, nilikuwa nikipita kwa miguu Waterworks Road, ambako kuna mnara wa matofali, mwembamba, wa urefu wa karibu mita 29, umesimama peke yake katikati ya nyumba za watu. Huitwa Perrott's Folly, yaani upuuzi wa Perrott, kwa kuwa bwana John Perrott aliujenga mwaka 1758 na mpaka leo watu hubishana aliujengea nini. Nami niliupita kama wengine wanavyoupita, nikiwaza kitanda changu tu.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia kwamba mnara ule haukuwa upuuzi siku zote. Tangu mwaka 1884 ulitumiwa kama kituo cha hali ya hewa, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1979. Karibu miaka mia moja watu walipima upepo, joto na mvua ya mji huu, wakaandika, wakafa, wakaja wengine wakaandika. "Mvua husomwa saa tatu asubuhi," akaniambia, "kila siku, hata Krismasi."

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Nilikiweka chini. Saa tatu asubuhi! Hiyo ndiyo saa ya baba yangu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Laikipia, mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka Nanyuki. Uwanjani pa shule, ndani ya kijiua cha waya, kulikuwa na kipimamvua: mkebe wa shaba wenye mdomo wa faneli, ndani yake chupa. Kila siku saa tatu unatoa chupa, unamimina maji katika bilauri ya kioo yenye mistari, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma milimita, unaandika. Mwisho wa mwezi Baba alinakili hesabu kwenye kadi na kuipeleka posta, iende Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, Nairobi. Hakulipwa chochote cha maana. Kenya nzima ilikuwa na watu kama yeye: walimu, mapadri, karani wa shamba, askari wa misitu. Ramani za mvua unazoziona vitabuni zimetoka katika mikono yao.

Kwetu Laikipia siku nyingi za mwaka hakuna mvua. Kwa hiyo kazi kubwa ya Baba ilikuwa kwenda kutazama chupa kavu na kuandika sifuri. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kwa nini aende wakati mbingu imekauka na kila mtu anaona. Akanijibu: "Sifuri nayo ni hesabu. Ukiiandika bila kwenda kuitazama, hiyo si sifuri, ni uvivu."

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na minne. Waliokuwa Kenya wakati huo hawahitaji kuelezwa. Masika hayakuja. Tulikula mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na nyumbani ng'ombe walikuwa wakiinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia. Aprili hiyo, shule zikiwa zimefungwa, Baba akapata habari kwamba dada yake amefariki Nyahururu. Alinikabidhi ufunguo wa kijiua na daftari, akasema atakuwa huko siku kumi na moja.

Siku tatu za kwanza nilikwenda. Sifuri, sifuri, sifuri. Siku ya nne ng'ombe aliyekuwa na mimba hakuinuka, na nilishinda naye. Jioni nilifungua daftari nikaona safu ile ya sifuri ikishuka kama matone yasiyo na maji. Nikaandika 4.2. Sijui nieleze vipi. Haikuwa hila. Ni kwamba nilipoiandika nilisikia harufu ya udongo uliolowa. Kesho yake niliandika 0 ili isionekane sana, kisha 9.6, kisha 12.0, kisha 0 tena, 6.4, 3.1, na 7.7. Siku nane, milimita 43. Nilinyesha mvua kwa kalamu ya wino.

Baba aliporudi alilifungua daftari, akasoma, akalifunga. Hakusema neno. Mwisho wa mwezi kadi ikaenda posta.

Nilikuja Uingereza mwaka 2001. Mnaosoma jarida hili mnajua jinsi mtu anavyojifunza kuandika mvua kwenye simu. Nilipokuwa nikipakia masanduku katika ghala usiku kucha, nilimwambia Mama niko ofisini. Nilipolala sakafuni kwa rafiki Sparkbrook, nilisema nina chumba chenye dirisha la bustani. Nao nyumbani walinipambia. Ukiuliza, "Kumenyesha?" unajibiwa, "Kidogo, Mungu anasaidia." Ukiuliza, "Baba hajambo?" unajibiwa, "Hajambo kabisa." Tulikuwa tukiandikiana hesabu ambazo hakuna aliyekwenda kuzitazama, na kila mmoja alifanya hivyo kwa mapenzi.

Tangu mzee yule aniambie habari za mnara, nilianza kusoma juu ya watu wanaopima kitu kimoja mahali pamoja kwa miaka mingi. Nilitegemea kukuta habari za mashine. Nilikuta habari za subira. Huko Idaho, Marekani, kuna nyika kavu iliyojaa vichaka vya kijivu vyenye kunukia, jamaa moja na leleshwa letu la Laikipia. Leleshwa, vichaka vile na alizeti ni ukoo mmoja. Tangu mwaka 1950 watafiti wamekuwa wakirudi katika vipande vile vile vya ardhi kuhesabu mimea. Aliyeanza hakutegemea kuona mwisho.

Kisha nikakuta kwetu. Pale Mpala, Laikipia, mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Truman Young waligawa nyika ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika, katika vipande 18, kila kimoja hekta nne. Vingine viliachwa wazi kwa wanyama wote. Vingine vilizungushiwa nyaya zinazowazuia ndovu na twiga tu, pundamilia wakapita chini. Vingine huingia ng'ombe peke yao. Na vingine haviingii ng'ombe, pundamilia wala ndovu. Tangu siku hiyo watu wanahesabu nyasi, miba, wadudu na mavi ya wanyama, mwaka baada ya mwaka. Wengi wa wanaohesabu ni vijana wa vijiji vya karibu, na nawajua wawili niliosoma nao.

Walichokipata si kile ambacho mtu angekisia. Miti mingi ya pale ni ile migunga yenye vifundo kwenye miiba, ambayo upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani ya vifundo huishi sisimizi, nao huulinda mti kwa kumng'ata mnyama anayekuja kula majani. Ungedhani ukiwazuia ndovu na twiga mti utanawiri. Baada ya miaka kumi ilionekana kinyume. Mti usioliwa uliacha kuwalisha walinzi wake: vifundo vikapungua, utomvu mtamu ukapungua, sisimizi wale wakadhoofika na nafasi yao ikachukuliwa na wengine wasiojali mti. Wadudu wanaotoboa shina wakaongezeka. Miti ikakua polepole na kufa zaidi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2008. Mtu aliyepima mwaka mmoja akaondoka huenda angeandika kwamba mti umepona.

Na mwaka 2011 mtafiti Mkenya, Wilfred Odadi, pamoja na wenzake walitangaza jambo ambalo Baba angelipenda. Wafugaji wamelalamika siku zote kwamba pundamilia wanamaliza malisho. Vipande vile vilionyesha kwamba kiangazi ni kweli: ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori hunenepa kidogo kuliko wanaolisha peke yao. Lakini mvua ikinyesha mambo hugeuka, kwa kuwa pundamilia huondoa mabua makavu na kuwaachia ng'ombe majani mororo. Mfugaji hakusema uongo. Alisema ukweli wa msimu mmoja.

Hata hapa kwetu kuna kazi kama hiyo. Kiasi cha mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini, huko Staffordshire, Chuo Kikuu cha Birmingham hufanya utafiti katika msitu wa mialoni yenye umri wa miaka 180 hivi. Nilipata nafasi ya kuutembelea. Kuna duara zilizozungukwa na minara mirefu inayofika vileleni mwa miti, na tangu 2017 minara hiyo hupuliza gesi ya kaboni, kiasi ambacho hewa ya dunia yote inatazamiwa kuwa nacho miaka ya mbele. Mwaka 2024 walitangaza kwamba kwa miaka saba miti ile ilitengeneza mbao zaidi kwa karibu asilimia 10. Lakini kilichonigusa si duara hizo tatu. Kuna nyingine tatu zenye minara ile ile inayopuliza hewa ya kawaida tu, na tatu nyingine zisizo na mnara wala bomba. Nilisimama mbele ya moja ya hizo za mwisho. Miti tu. Mtu huja kuipima kwa makini yale yale, kwa sababu bila hiyo, zile nyingine hazina maana. Nikasema moyoni: hii ndiyo sifuri ya Baba.

Sasa nirudi kwenye deni.

Oktoba 2022 mdogo wangu alinipigia simu. Misimu minne ilikuwa imepita bila mvua ya maana, na ya tano ilikuwa inachelewa. Tulikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Wanunuzi walikuwa wakipita na malori, wakitoa bei ya kutupa. Mimi nilimwambia auze. Yeye akakataa, na akaniambia ana ushahidi.

"Nimekaa na madaftari ya Mzee siku tatu," akasema. "Miaka arobaini yote. Hakuna hata mmoja ambao misimu yote ilikosa kabisa. Hata 1984, kaka! Angalia mwenyewe." Akanitumia picha kwenye simu. "Aprili 1984, milimita 43. Kama mwaka ule ulipata Aprili, huu nao utapata Novemba. Tukivumilia mwezi mmoja tutakuwa tumeokoa mifugo yote."

Alikuwa na miaka mitano mwaka ule. Hakumbuki. Alichokuwa nacho ni kitabu cha baba yake, na kitabu cha baba yake kilikuwa hakijawahi kumdanganya mtu.

Niliitazama picha ile nikiwa jikoni kwangu, saa nne ya usiku. Mwandiko wa Baba ulikuwa umelala kidogo kulia. Katikati yake kulikuwa na mwandiko mwingine, wa mviringo, wa mtoto wa darasa la saba. 4.2. 0. 9.6. Miaka thelathini na minane imepita, na mvua yangu ilikuwa bado inanyesha, tena sasa ilikuwa inakaribia kuua ng'ombe.

Nilimwambia. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe." Akampa Baba simu.

Mzee alikuwa na miaka themanini na sita, sikio moja halisikii. Nililazimika kusema kwa sauti, majirani wa Ladywood wakanisikia nikiungama kwa Kiswahili. Nikamweleza siku nane, moja baada ya nyingine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini, Baba?"

"Siku ile ile. Mvua ya milimita kumi na mbili haiachi vumbi la namna ile uwanjani. Nilijua kabla sijafungua daftari." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuwa nimemzika dada yangu. Na ng'ombe yule alikuwa amekufa. Sikuwa na nguvu ya kukuchapa, wala ya kuandika kwamba siku nane hazikupimwa. Kwa miaka yote ile sikuwa nimepeleka kadi yenye pengo. Nikaona aibu. Nikanakili, nikapeleka posta. Kwa hiyo mwanangu, usijibebeshe peke yako. Uongo ule ni wetu wawili."

Sikuwa na la kumjibu. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwogopa mtu asiyekosea.

"Pengo si aibu," akaendelea. "Mimi nilikuwa mwalimu na nilichelewa kulijifunza hilo. Anayesoma akikuta pengo hujua afanye nini nalo. Akikuta hesabu nzuri ya uongo, atajenga juu yake. Andika Nairobi, uwaambie tarehe. Na huyu ndugu yako aandike kitabuni."

Aliandika siku ile ile, kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa siku zile nane: *Hazikupimwa*. Hakufuta hesabu zangu. Mzee alikataa, alisema kitabu hakifutwi. Nami niliandika barua kwenda Dagoretti Corner, nikataja shule, mwaka na tarehe. Nilijihisi mjinga nikilipia stempu posta. Ni nani anayehangaika na siku nane za mwaka 1984? Lakini nilifikiri juu ya yule ambaye, kama ndugu yangu, ataketi siku tatu na hesabu hizo akitafuta namna ya kuokoa kitu.

Mnataka kujua yaliyotokea. Ndugu yangu aliuza tisa, akabaki na watano. Msimu ule wa tano nao ulikosa. Februari walikufa wawili. Mwishoni mwa Machi 2023 mvua ikaja, ikawakuta watatu. Tuliwahi kujiuliza: tungeuza wote? Tusingeuza hata mmoja? Mpala wana vipande 18 ili waweze kujibu swali kama hilo. Familia haina kipande cha pili kilichozungushiwa waya ambako unaweza kwenda kutazama maisha ambayo hukuyaishi. Tulichokuwa nacho ni kitabu kimoja, na siku ile angalau kilikuwa kitabu cha kweli.

Mzee alitutoka mwaka 2024. Nilikwenda kumzika. Siku ya pili baada ya mazishi, binti wa ndugu yangu, mwenye miaka kumi na sita, aliniamsha. "Amu, ni saa tatu kasorobo." Ni yeye anayesoma sasa. Tulitembea mpaka shuleni, akafungua kijiua, akatoa chupa, akaigeuza juu ya bilauri. Halikutoka tone. Akainama hata hivyo, jicho lake likawa sawa na mstari wa chini kabisa, kama alivyofundishwa na babu yake. Kisha akanipa kalamu.

Niliandika sifuri. Mkono wangu ulitetemeka kidogo, akacheka.

Tangu nirudi tumewekeana mkataba, yeye na mimi. Kila Jumapili hunitumia hesabu ya wiki, nami humtumia yangu: nimefanya kazi saa ngapi, nimelala saa ngapi, nimewaza nyumbani mara ngapi, fedha zimebaki kiasi gani. Hatupambi. Wiki nyingine kuna pengo, na tunaliacha pengo. Wiki iliyopita alinitumia sifuri saba. Nilimshukuru kwa kila moja.

Ndugu zangu wa Birmingham, wengi wenu mna baba au mama aliyeandika kitu: siku za mvua, tarehe za kupanda, ngalawa zilizorudi, watoto waliozaliwa kijijini. Yaulizeni madaftari hayo kabla panya hawajayauliza. Na kama ndani yake kuna mwandiko wenu wa utotoni, usomeni vizuri.